Kambi za machipuko Arizona: chipukizi wa besiboli nawatazamia wapi, na nitazame nini hasa?

daftari_la_kijani

Wakuu, salaam. Natarajia kuwa Phoenix siku tano kuanzia tarehe 14 Machi, kwa ajili ya kambi za machipuko tu, yaani maandalizi ya timu kabla ya msimu. Mastaa tunawaona kwenye televisheni msimu mzima. Ninaowataka ni chipukizi, vijana wa miaka 18 hadi 22 ambao bado wako ligi ndogo, yaani madaraja yaliyo chini ya ligi kuu.

Naomba msaada kwenye mambo haya. Niende viwanja vikuu au viwanja vya nyuma, vile vya mazoezi? Nitamtambuaje mchezaji ambaye jezi yake haina jina? Nikishakaa, macho niyaweke wapi, maana matokeo ya machipuko hayahesabiwi? Na je, bila rada ya kupima kasi nitakuwa napoteza muda?

mlinzi_wa_kati

Mkuu, tarehe umezipatia. Warushaji na wadakaji huripoti katikati ya Februari, wengine hufuata siku chache baadaye, na mechi za maonyesho huanza kabla Februari haijaisha. Lakini wiki hizo za mwanzo chipukizi wa madaraja ya chini wanafanya mazoezi tu. Mechi za ligi ndogo kwenye viwanja vya nyuma huanza takriban katikati ya Machi na kuendelea hadi mwisho wa mwezi. Wewe unafika pazia linapofunguliwa.

Arizona ina timu 15 katika viwanja vikuu 10, vyote eneo la Phoenix. Timu kumi zinagawana kambi mbili mbili: Dodgers na White Sox wako Camelback Ranch, Diamondbacks na Rockies wako Salt River Fields, Royals na Rangers wako Surprise, Padres na Mariners wako Peoria, Guardians na Reds wako Goodyear. Cubs, Athletics, Brewers, Angels na Giants kila mmoja ana kwake. Kwa kazi yako chagua kambi za pamoja, kwa sababu upande mmoja ukipoa unavuka kwa miguu kwenda upande wa pili.

Uwanja mkuu na viwanja vya nyuma ni dunia mbili tofauti. Kwenye uwanja mkuu mechi huanza saa saba mchana, wakongwe wanacheza iningi (vipindi vya mchezo, kwa kawaida tisa) nne au tano, kisha wanaanza kuingia vijana wenye namba 70, 80 na 90 mgongoni. Watu wengi huondoka iningi ya saba. Wewe ndio kwanza usogee viti vya mbele.

Viwanja vya nyuma mara nyingi ni vinne, vimepangwa kama petali za ua: vituo vya nyumbani (anaposimama mpigaji) vinakaribiana katikati, na mnara mdogo wa kutazamia umesimama hapo. Ukisimama kwenye njia ya katikati unaona mechi mbili kwa kugeuza shingo. Uzio wa waya uko hatua chache kutoka kwa mpigaji, na umbali huo ndio raha yenyewe. Mpira wa kilomita 150 kwa saa ukipita kwenye televisheni ni mstari mweupe tu. Pale unausikia ukifoka hewani, halafu ule mlio kwenye glavu ya mdakaji, na mlio wa mpira wa kasi wa kweli unautambua hata ukiwa umegeuka.

Jambo moja la ratiba huwapoteza wengi. Kwa kawaida kikosi cha AAA na cha AA (madaraja mawili ya juu ya ligi ndogo) husafiri pamoja, na vile viwili vya daraja A, lililo chini yake, husafiri pamoja. Vikubwa vikicheza nyumbani, vidogo viko ugenini siku hiyo. Kwa hiyo ukimfuata kijana wa miaka 18, hakikisha kwanza kundi lake liko kambi gani, la sivyo utakesha Surprise na yeye yuko Goodyear.

Na usishangae sheria kulegezwa. Mrushaji akifikisha idadi ya mipira aliyopangiwa, kocha anaikata iningi hata kama kuna watu wawili tu waliotolewa badala ya watatu. Mpigaji anayehitaji zamu nyingi anaweza kuanza kila iningi. Ubao wa matokeo mara nyingi haupo kabisa, na hakuna anayeulizia.

saa_mkononi

Kuhusu rada: acha. Nunua stopwochi, au tumia ya simu kama kidole chako ni chepesi. Maskauti waliojipanga nyuma ya kituo cha nyumbani watakuwa na rada zao, na ukisimama kwa adabu nyuma yao utaona namba bila kumsumbua mtu. Stopwochi inakupa vitu vitatu ambavyo macho peke yake hayawezi.

Kwanza, mbio za kwenda kituo cha kwanza. Bonyeza gongo linapogusa mpira, simamisha mguu unapokanyaga kituo. Wastani wa ligi kuu ni takriban sekunde 4.3 kwa anayepiga kwa mkono wa kulia na 4.2 kwa wa kushoto, kwa sababu wa kushoto anaanza karibu zaidi na kituo. Mwenye 4.0 kwa kulia au 3.9 kwa kushoto ni mwepesi kupindukia. Sehemu moja ya kumi ya sekunde inaonekana ndogo, lakini kwa kasi ya wachezaji hawa ni kama sentimita 80, yaani ndiyo tofauti ya kufika salama na kutolewa. Pima mipira ya kawaida ya ardhini tu. Akipiga mpira mrefu huchukua kona pana na muda unaharibika. Akigusa mpira taratibu huku tayari anakimbia, muda unakuwa mzuri kwa uongo. Na mchana wa tatu wa jua kali wengi hawakimbii kwa nguvu zote, kwa hiyo chukua muda wa mara tatu nne na uamini ule bora.

Pili, mdakaji. Bonyeza mpira unapoingia kwenye glavu yake, simamisha unapoingia kwenye glavu ya aliyesimama kituo cha pili. Umbali ni mita 38.8. Sekunde 2.0 ni wastani, 1.9 ni mkono wa maana. Hapa ndipo wageni hudanganyika: wanapima ule mrusho wa mwisho wa kupasha moto kabla ya iningi kuanza. Pale mdakaji anajua mpira unakuja, anasogea mbele mapema, na namba inapendeza bila sababu. Subiri jaribio halisi la kuiba kituo.

Tatu, mrushaji akiwa na mkimbiaji nyuma yake. Bonyeza anapoanza kusogea kuelekea kwa mpigaji, simamisha mpira unapogonga glavu ya mdakaji. 1.3 ni sawa. Akifika 1.5 mdakaji wake hana la kufanya hata awe na mkono wa bunduki. Vijana wengi wenye mipira ya kutisha hukwama hapa: wakiwa peke yao ni simba, mkimbiaji akisimama kituo cha kwanza wanakuwa watu wengine.

Ukisikia maskauti wakitaja namba kama 55 au 60, ni kipimo cha 20 hadi 80 na 50 ni wastani wa ligi kuu. Kijana mwenye 50 kwenye kila kitu si wa kawaida hata kidogo, huyo ni mchezaji wa ligi kuu.

mkono_wa_kushoto

Naongeza kuhusu mahali pa kusimama, maana watu hukimbilia nyuma ya kituo cha nyumbani na kuganda hapo. Pale ni pazuri kwa kuona mpira unavyopinda. Kwa kuona mwili unavyofanya kazi si pazuri.

Mpigaji wa mkono wa kulia anakipa kifua upande wa kituo cha kwanza. Nenda upande huo umwone mikono, nyonga na uso. Wa kushoto mfuate upande wa kituo cha tatu. Mrushaji wa kulia kabla ya kurusha ameelekea kituo cha tatu, kwa hiyo yeye msome ukiwa upande wa tatu. Wa kushoto ni kinyume chake. Kwenye viwanja vya nyuma kuhama ni hatua thelathini, basi hama.

Kwa mpigaji kijana, anza chini kupanda juu. Mguu wa mbele: unatua kabla mpira haujafika au unatua pamoja nao? Ukitua kwa kuchelewa, mpira wa kasi utamshinda daraja lolote atakalopanda. Kisha nyonga na mikono: nyonga zinatakiwa zianze kufunguka huku mikono ikiwa bado nyuma. Vikitoka pamoja, mpira wa kupunguza kasi unamkuta ameshamaliza kila kitu na gongo liko hewani. Kisha kichwa. Kichwa kinachoruka kutazama mpira umekwenda wapi ni kichwa ambacho hakikuuona mpira ukigongwa.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote ni mipira ambayo mpigaji *haipigi*. Mtazame anapouacha mpira uliopinda na kushuka nje ya eneo la kupigia. Yule aliyeutambua mapema anaufuata kwa macho hadi kwenye glavu, mwili umetulia, kisigino cha nyuma hakijainuka. Aliyebahatisha anausimamisha mwili kwa nguvu, gongo limeshaanza kutoka, na mabega yanatetemeka. Kwenye karatasi wote wawili wameandikiwa bolu, yaani mpira uliokwenda nje ya eneo. Kwangu mimi hapo ndipo unapomjua mwenye jicho, na huhitaji kifaa chochote.

Mazoezi ya kupiga ya asubuhi usiyadharau. Mara nyingi wanaingia vikundi vya wanne, na mzunguko wa kwanza ni wa kupeleka mpira upande wa pili wa uwanja, si kufyatua. Kijana anayeweza kupiga mipira mitano mfululizo kwa mstari ulionyooka upande wa pili ana udhibiti wa gongo. Anayefyatua mmoja juu ya uzio na minne ikaenda ardhini amekuonyesha nguvu, bado hajakuonyesha ufundi. Fika mapema asubuhi, ila angalia kwanza siku hiyo klabu inafungua lango saa ngapi, kila kambi ina utaratibu wake.

daftari_la_kijani

Nimeandika yote haya. Swali la nyongeza: takwimu za machipuko zina thamani yoyote? Kila mwaka kuna kijana anayepiga zaidi ya .400 (mara nne kati ya kumi), mashabiki wanapandisha mashetani, halafu Aprili yuko ligi ndogo. Na lile la jezi bila jina bado sijajibiwa.

takwimu_kavu

Thamani ipo ndogo, na tatizo si idadi ya zamu peke yake. Tatizo ni nani alikuwa anarusha. Mpigaji anayeingia iningi ya saba anakutana na mrushaji wa AA mwenye namba 93 mgongoni. Tovuti ya Baseball-Reference huweka kwenye takwimu za machipuko kipimo cha ubora wa wapinzani: 10 ni kiwango cha ligi kuu, 8 ni AAA. Kijana mwenye .420 dhidi ya wapinzani wa 7 na mwenye .280 dhidi ya 9.5, mimi namfuata wa pili.

Halafu kuna ajenda zisizoonekana. Mrushaji mkongwe anaweza kuingia akiwa na kazi moja tu, kujaribu slaida (mpira wa kupinda pembeni) mpya, na anairusha mara kumi na mbili mfululizo hata ikipigwa. Hewa kavu ya Arizona nayo hufanya mpira uteleze mkononi, na mipira ya kupinda inapoteza makali. Ukiona curve (mpira wa kupinda na kushuka) inaning'inia Peoria, usimfute mrushaji kwenye daftari.

Na kumpeleka kijana ligi ndogo si lazima iwe hukumu ya kipaji. Kris Bryant, machipuko ya 2015 akiwa na Cubs, alipiga .425 na kupeleka mipira 9 nje ya uzio, wa kwanza kati ya wote. Akaanza msimu ligi ndogo na kupandishwa tarehe 17 Aprili. Mwaka kamili wa utumishi ligi kuu ni siku 172, na yeye akamaliza msimu na siku 171, maana yake klabu ilibaki naye mwaka mmoja zaidi kabla hajawa huru kuchagua klabu nyingine. Mwaka huohuo alikuwa Chipukizi Bora wa ligi yake ya National. Mkataba wa 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji uliongeza zawadi ya nafasi ya ziada ya kuchagua wachezaji wapya kwa klabu zinazowapandisha vijana bora mapema, kwa hiyo mchezo huo umepungua.

Upande wa pili wa shilingi ni Albert Pujols. Cardinals walimchagua raundi ya 13 ya uchaguzi wa wachezaji wapya mwaka 1999, mwaka 2000 aliucheza zaidi daraja A, na machipuko ya 2001 akawalazimisha wampe nafasi akiwa na miaka 21. Msimu huo alipiga .329 na kutoa mipira 37 nje ya uzio. Jackson Merrill wa Padres mwaka 2024 alifika kambini Peoria kama shotistopu (mlinzi kati ya kituo cha pili na cha tatu) ambaye hajawahi kucheza AAA, akahamishiwa uwanja wa kati, na akaanza msimu na timu kubwa akiwa na miaka 20. Huyo ndiye mfano wa kitu cha kutazama kambini: usiangalie alipiga ngapi, angalia hatua yake ya kwanza mpira unapotoka kwenye gongo. Anayezaliwa upya katika nafasi mpya utamwona kama anarudi nyuma moja kwa moja kwenye njia sahihi, au anasita, anaenda mbele nusu hatua, ndipo anageuka.

Namba ninazoziamini baada ya siku chache ni mbili: kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, na kasi ya mrushaji. Hizo haziigizwi. Mpira uliopigwa kwa maili 110 kwa saa, yaani kilomita 177, umepigwa kwa hiyo kasi hata kama mrushaji alikuwa mdhaifu. Viwanja vikuu vingi vya machipuko sasa vina vipimo hivyo na unaviona kwenye programu ya simu. Viwanja vya nyuma unarudi kwenye masikio na macho.

mlinzi_wa_kati

Jezi bila jina: chapisha orodha ya wachezaji wa kila daraja usiku kabla ya kwenda, na uwe na habari kwamba kwenye kambi ya ligi ndogo wachezaji wawili wanaweza kuvaa namba moja. Ndiyo maana namba pekee haitoshi. Andika na urefu, mkono anaorushia, upande anaopigia. "Namba 24, anapiga kushoto, anarusha kulia, mrefu" kwa kawaida anabaki mmoja. Chungulia pia kitako cha gongo, wachezaji wengi huandika namba yao pale kwa kalamu nyeusi ili magongo yasichanganyike kwenye rafu. Na msikilize kocha wa kituo cha kwanza, anaita majina mchana kutwa.

Kwenye mechi za uwanja mkuu chagua timu mgeni. Kanuni inataka waje na angalau wachezaji wanne wa kikosi cha kawaida, wengine ni vijana waliopanda basi. Siku klabu inapogawanyika na kucheza mechi mbili kwa wakati mmoja, vijana wanajaa pande zote mbili. Angalia pia kama tarehe zako zinaangukia Spring Breakout, ile michezo iliyoanza 2024 ambamo kila klabu inapanga kikosi cha chipukizi wake bora dhidi ya chipukizi wa klabu nyingine. Ikiwepo, iweke kwenye ratiba kwanza, mengine yazunguke hapo.

Ila usitarajie kuwaona wote. Vijana wengi wa Jamhuri ya Dominika na Venezuela husajiliwa wakiwa na miaka 16, na walio wapya kabisa Marekani hubaki kambini Aprili nzima wakisubiri ligi ya kambi inayoanza Mei. Machi utawaona zaidi kwenye mazoezi kuliko kwenye mechi. Subira yao ni ndefu: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pirates 2008 na akaingia ligi kuu tarehe 26 Aprili 2017.

saa_mkononi

La mwisho kutoka kwangu, la usalama. Pale katikati ya viwanja vinne mipira inatoka pande nne. Wewe unamtazama mpigaji wa uwanja wa kwanza, mpira wa uwanja wa tatu unakuja kisogoni. Ukisikia kelele ya tahadhari usiinue uso kuutafuta. Inama, funika kichwa kwa mikono, subiri uanguke. Kama umeshika stopwochi na kalamu, simama ambapo wavu uko nyuma yako, na sahihi za wachezaji ziombe wakishamaliza, si wanapokimbia kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine.

daftari_la_kijani

Asanteni sana wakuu. Nitaanza Surprise siku ya kwanza, asubuhi kwa Royals, mchana kwa Rangers, stopwochi mkononi, upande wa kituo cha kwanza.

mkono_wa_kushoto

Upande wa kwanza kwa wapigaji wa kulia. Akiingia wa kushoto, hama.